Banda la Uani, Mpangaji na Mgeni: Mambo Yampasayo Mwenye Nyumba wa Kilwa na Pwani ya Lindi Kuyafahamu

Kujenga banda la uani na kupangisha vyumba katika nyumba ya kuishi ni mambo yaliyozoeleka Kilwa Masoko, Kivinje, Kisiwani na kote katika pwani ya Lindi. Kwa kuwa yamezoeleka, wananchi wengi huyatenda bila kuuliza sheria inasema nini, na huja kuuliza baada ya ugomvi kuzuka. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wenye nyumba, wapangaji, na watumishi wa umma ambao ama wanapanga vyumba hivyo, ama wanapelekewa mashauri yake ofisini. Linajengwa juu ya maswali matatu ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuyajibu kabla ya kuchimba msingi: ardhi ni ya nani, jengo litasimama wapi, na atakayelala humo ni nani.

ASILI YA CHUMBA CHA UANI

Ua ni sehemu ya nyumba ya pwani tangu kale. Katika magofu ya Songo Mnara, mji uliostawi katika karne ya 14 na ya 15, nyumba za mawe zimepangwa kuzunguka nyua, na vyumba vya ndani vimefuatana nyuma ya vile vya kupokelea wageni. Nyumba ya Kiswahili ya siku hizi, yenye vyumba pande mbili za ukumbi na ua nyuma, imeendeleza mpango huohuo kwa namna yake. Uani ndipo penye jiko, choo na mara nyingi kisima, na ndipo kijana anapojengewa chumba anapofikia umri wa kujitegemea, au mama mkubwa anapohifadhiwa baada ya kufiwa na mume.

Kumpa mgeni malazi nako si jambo jipya. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331 na kufika Kilwa, alieleza alivyoona Mogadishu: chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikwenda kukilaki, na kila mfanyabiashara akachukuliwa na mwenyeji mmoja, akalala kwake na kufanya biashara kupitia kwake. Mgeni alikuwa na mtu wa kumjibia, na mji ulijua amelala kwa nani. Hayo mawili, kujulikana kwa mgeni na kuwapo kwa mwenye dhamana, ndiyo ambayo sheria za leo zinayataka kwa njia ya kibali, mkataba na kitabu cha wageni.

SABABU YA KULIZUNGUMZA JAMBO HILI

Kwa miaka mingi Kilwa ilifikika kwa taabu, hususan wakati wa masika. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata gesi ya Songo Songo ilianza kusafirishwa kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2002 Serikali ilianza kuwauzia watumishi nyumba zake, na hivyo mtumishi anayehamishiwa kituo kipya akazidi kutegemea nyumba za wananchi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014. Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko.

Kila moja ya mambo hayo huleta watu wanaohitaji pa kulala: mwalimu, muuguzi, fundi, mvuvi, mtafiti, mtalii. Chumba cha uani ambacho jana kilikuwa cha mpwa leo kina bei. Hapo ndipo makubaliano ya mdomo yaliyotosha baina ya ndugu yanapoanza kutotosha.

SWALI LA KWANZA: ARDHI NI YA NANI?

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika mwaka 2001. Kwa sheria hizo ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi huwa na haki ya kuitumia: kwa hati ya kumiliki ardhi katika kiwanja kilichopimwa mjini, au kwa haki ya kimila katika ardhi ya kijiji. Haki ya kimila inatambuliwa hata pale ambapo hati yake haijatolewa. Hata hivyo, asiye na hati hutegemea ushahidi wa majirani na wazee, na wazee hawaishi milele.

Katika pwani hii ugumu mkubwa uko kwenye nyumba za urithi. Mathalani, mzee amefariki na kuacha nyumba na watoto wanne. Mirathi haikufunguliwa, kwa kuwa kila mtu aliona haya kulitaja jambo hilo matanga yakiwa hayajasahaulika. Mtoto mmoja aliyebaki nyumbani akajenga uani vyumba viwili kwa fedha zake na kumpangisha mwalimu. Baada ya miaka sita ndugu zake wakaja kudai mgawanyo. Aliyejenga anasema vyumba ni vyake. Wenzake wanasema kiwanja ni cha wote, na kodi aliyoipokea ilikuwa ya wote. Mwalimu naye amekwisha kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mtu ambaye hakuwa na mamlaka ya kumpangisha peke yake. Hapo hakuna mwizi, lakini watu watano wameumia.

Dawa yake ni nyepesi ikitumiwa mapema. Warithi wafungue mirathi katika Mahakama ya Mwanzo na kumpata msimamizi wa mirathi. Ikiwa wameafikiana kwamba mmoja wao ajenge, makubaliano yaandikwe: ni vyumba vingapi, kwa fedha za nani, kodi itagawanywaje, na siku ya mgawanyo aliyejenga atarudishiwa nini. Karatasi hiyo ishuhudiwe na Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Kuandika hakuvunji undugu. Kinachouvunja ni kukumbuka kila mtu kwa namna yake.

Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wanaume wengi hudhani kwamba ridhaa ya mke inahitajika katika kuuza tu. Sheria imetaja upangishaji pia. Vilevile, katika ardhi ya kijiji, mtu asiye mkazi anayetaka kukodi eneo la kujenga, tofauti na chumba cha kulala, hana budi kupita mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Raia wa nchi za nje hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji chini ya sheria husika. Mwananchi anayemruhusu mgeni wa nje kujenga nyumba uani kwake kwa mapatano ya chinichini anaihatarisha haki yake mwenyewe.

SWALI LA PILI: JENGO LITASIMAMA WAPI?

Mjini, ujenzi unahitaji kibali. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na banda la uani ni uendelezaji kama nyumba kubwa ilivyo. Kila kiwanja kina kikomo cha eneo linaloruhusiwa kufunikwa na majengo, na umbali ambao jengo linapaswa kuwa nao kutoka mpakani. Mwenye kiwanja aende na nakala ya hati na mchoro kwa Afisa Mipango Miji kabla ya kununua tofali la kwanza. Akigundua baadaye kwamba amejenga juu ya hifadhi ya barabara au mfereji, gharama ya kubomoa huwa juu yake.

Kwa upande wa bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni zinazoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Mikoko ni misitu ya hifadhi, na boriti zake hazikatwi bila kibali. Anayejenga banda kwa boriti ahakikishe kwamba muuzaji anazo stakabadhi.

Kisiwani na Songo Mnara kuna sharti la ziada. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda kila jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na kuchimba au kujenga ndani ya eneo la hifadhi bila idhini ni kosa. Wakazi wa Kisiwani wanaishi baina ya misikiti, makaburi na kuta za kale. Msingi wa banda ukichimbwa futi tatu tu, unaweza kukata sakafu iliyolala hapo miaka mia sita. Jiwe la gofu likichukuliwa kuwa tofali la ukuta wa choo, haliwezi kurudishwa mahali pake. Faida ya mkazi na faida ya hifadhi hapa ni moja, kwa kuwa mgeni anayeleta fedha kisiwani hakuja kuona banda jipya, bali amekuja kuona yale magofu. Anayekusudia kujenga Kisiwani aanze kwa Serikali ya kijiji na kwa maofisa wanaosimamia magofu, wakague mahali pamoja naye.

Jambo la mwisho katika swali hili ni maji na choo. Ardhi ya sehemu nyingi za pwani hii ni ya matumbawe, yenye nyufa ambazo maji hupita upesi bila kuchujwa. Familia ya watu sita ikiongeza wapangaji wanne, choo kilekile na kisima kilekile huhudumia watu kumi. Wataalamu wa afya hushauri choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita zisizopungua 30. Pale ambapo ua hauna nafasi hiyo, Afisa Afya aulizwe kabla ya kuongeza vyumba, kwa kuwa ugonjwa hautachagua baina ya mpangaji na mtoto wa mwenye nyumba.

SWALI LA TATU: ATAKAYELALA NI NANI?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria nayo inawatenganisha watu wanaolala katika nyumba moja, wala haiwatendei sawa.

Wa kwanza ni ndugu. Anayekaa bila kulipa, kwa hisani ya mwenye nyumba, hana upangaji. Lakini ndugu anayechangia kila mwezi anaweza siku moja kudai kwamba ile ilikuwa kodi. Ni vyema lugha ya fedha hizo ikaeleweka tangu mwanzo.

Wa pili ni mpangaji, yaani mtu aliyepewa chumba kuwa makazi yake kwa malipo. Zamani kodi za nyumba zilidhibitiwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi ni mapatano ya pande mbili, na haki zao zinatawaliwa na Sheria ya Ardhi pamoja na mkataba wenyewe. Kwa sababu hiyo mkataba umekuwa na uzito kuliko ulivyokuwa wakati ule.

Wa tatu ni mgeni wa siku, anayelipa kwa usiku. Nyumba inayopokea wageni wa namna hii haihesabiwi tena kuwa nyumba ya kuishi tu; imekuwa nyumba ya wageni, hata ikiwa ni vyumba viwili vya uani na hata kama wageni wanapatikana kwa njia ya intaneti. Hapo inahitajika leseni ya biashara, ukaguzi wa afya, kitabu cha wageni na ushuru wa malazi unaotozwa kwa mujibu wa sheria. Wanaolaza watalii wanapaswa pia kusajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Mkazi asiyejua tofauti hii hutozwa faini akidhani anaonewa.

Katika jambo la wageni wa siku, pwani ya kusini inaweza kujifunza kwa jirani zake. Mji Mkongwe wa Unguja uliundiwa mamlaka ya hifadhi mwaka 1985, na ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lamu iliingizwa mwaka 2001. Katika miji yote miwili nyumba nyingi za familia zimegeuzwa kuwa za wageni, na baadhi zimepita mikononi mwa watu wa nje. Fedha zimeingia, paa zimetengenezwa, na kuta zilizokuwa zikianguka zimesimama. Lakini aliyeuza hakupata tena nyumba katika mtaa aliozaliwa. Anayepangisha hubaki na nyumba; anayeuza hubaki na fedha, na fedha huisha. Mwenye nyumba wa Kivinje au wa Kisiwani anayefuatwa na mnunuzi apime hilo kabla ya kutia sahihi.

MKATABA WA CHUMBA

Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu si lazima uandikwe ili uwe halali. Hata hivyo, usioandikwa ni mgumu kuthibitishwa, na ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha. Uwe na mambo haya:

1. Majina ya pande mbili, na uwezo wa mpangishaji: ni mwenye nyumba, msimamizi wa mirathi, au wakala aliyeandikiwa.

2. Chumba kinachopangishwa, na vitu vya kutumia kwa pamoja: ua, choo, kisima, jiko na njia ya kupita.

3. Kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, na muda uliolipiwa mbele, pamoja na stakabadhi kwa kila malipo.

4. Umeme na maji vinalipwaje pale ambapo mita ni moja.

5. Nani atatengeneza nini. Kwa Sheria ya Ardhi, inapopangishwa sehemu tu ya jengo, ni wajibu wa mpangishaji kutunza paa, kuta kuu, mifereji na sehemu za pamoja. Mpangaji naye hukitunza chumba, wala hakibadilishi wala kukipangisha kwa mwingine bila ridhaa.

6. Notisi. Upangaji unaolipiwa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, kutoka upande wowote.

Kufunga mlango wa mpangaji kwa kufuli jingine, kung'oa bati, au kutupa vyombo vyake nje si njia ya sheria, hata kama anadaiwa. Mwenye nyumba anayefanya hivyo hugeuka kutoka mdai kuwa mdaiwa. Kwa upande mwingine, mpangaji anayekaa bila kulipa kwa kisingizio kwamba paa linavuja hajatatua tatizo la paa. Atoe taarifa kwa maandishi na kubaki na nakala.

KODI ZA SERIKALI

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa Sh. 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh. 1,500. Utaratibu huu umezaa maswali mawili uani. La kwanza: mpangaji mwenye mita yake hukatwa fedha, ilhali kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mkataba useme kama fedha hizo zitapunguzwa katika kodi ya pango. La pili: kiwanja chenye mita mbili au tatu kwa jengo moja kinaweza kukatwa zaidi ya mara moja. Mwenye nyumba apeleke namba za mita hizo kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo ili rekodi isahihishwe. Wazee wa miaka 60 na zaidi, na watu wenye ulemavu, wasio na kipato, husamehewa kwa nyumba moja wanayoishi. Nyumba za udongo na za nyasi pia zimesamehewa.

Mwajiri, kampuni au mradi unapopanga chumba kwa ajili ya mfanyakazi wake, hukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Mwenye nyumba asidhani kwamba ameibiwa; adai hati ya makato hayo.

MGOGORO UKITOKEA

Njia ya kwanza ni kuzungumza mbele ya watu wanaoheshimiwa na pande zote. Ikishindikana, shauri hupelekwa kwa usuluhishi katika Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Usuluhishi ukishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wale wanaoendelea kusubiri hukumu ya Kata wanapoteza muda wao.

HITIMISHO

Chumba kimoja cha uani kinaweza kumsomesha mtoto, kumpa mtumishi mgeni mahali pa heshima, na kumwezesha mjane kubaki katika nyumba yake. Chumba hichohicho kinaweza kuwapeleka ndugu barazani, kuchafua kisima, na kukata msingi wa msikiti wa kale. Jengo ni lilelile. Kinachotofautisha ni kama yale maswali matatu yaliulizwa mapema. Mwananchi mwenye nia ya kujenga au kupangisha afike kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa wake akiwa na karatasi alizonazo, hata zikiwa chache. Mtumishi atakayempokea naye anakumbushwa kwamba aliyekuja kuuliza kabla ya kujenga amekwisha kuipunguzia Serikali shauri moja. Apewe jibu lililo wazi, na asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa aje kesho.